Jina la Panga

San Pedro de Macorís
Jamhuri ya Dominika
3 Juni 1996

Babu mdogo Chichí,

Shikamoo. Huku tunapumua wote. Mama goti linamsumbua lakini mdomo wake haujambo. Mimi ndiyo usiseme: mkono wa kurusha umekuwa bunduki, na wasichana wa mtaani wameanza kuniita Panga Mdogo, wala sikuwatuma. Wewe je, kikohozi cha baridi ya huko Lawrence, Marekani, kimekuachia? Na hili la kutaka barua zako ziandikwe jina la Bi Altagracia wa ghorofa ya chini, vipi? Unawakimbia polisi au wanawake?

Sasa sikiliza. Tarehe 18 Agosti, Ukumbi wa Mashujaa wa Besiboli hapa mjini unampigia kura babu Panga. Amekufa Februari, sawa, lakini ile mipira 311 aliyoivusha ukuta haijafa. Kikwazo ni mwenyekiti, Don Heriberto, yule mtangazaji wa zamani wa redio. Anasema watu wananong'ona kwamba babu alidanganya umri. Anataka barua ya ndugu wa damu iseme Leandro Hodge alizaliwa 1937 kama cheti cha kuzaliwa kinavyosema. Ndugu aliyebaki ni wewe. Mistari mitatu tu! Hata mimi niliyeachia shule darasa la saba ningeiandika, ila sahihi yangu haina mvi.

Na jingine, lako na langu. Septemba anakuja msaka vipaji wa timu ya Marekani. Anataka vijana wa kumi na sita, na mimi kumi na tisa nimeshatimiza. Usiogope, kocha Cuqui amepanga: nitaingia na cheti cha mdogo wangu Yefri. Kila mtu anafanya. Timu yetu tuko tisa uwanjani, hakuna aliyezaliwa siku anayokatiwa keki. Yefri nimemwahidi glovu yangu, ingawa yeye anachojua kudaka ni vitabu.

Fanya haraka na barua. Miguu inaniwasha.

Mjukuu wako,
Wandel, bunduki ya San Pedro


Lawrence
29 Juni 1996

Wandel mjukuu wangu,

Marahaba. Kikohozi kipo, tumezoeana. Mpe mama yako pole ya goti. Nafurahi wanakuita Panga Mdogo. Mdogo kweli, maana Panga mwenyewe hakujisifu kabla ya kupiga.

Barua hiyo siandiki.

Umeniuliza kuhusu Bi Altagracia. Kwenye kengele ya mlango wangu pameandikwa Baldemiro Ortiz. Ni marehemu wa Puerto Rico; karatasi zake nilizipata niliposhuka kule kwa mashua. Kiwandani nashona viatu kwa jina lake, na posta ya huku haijui lingine, ndiyo maana barua zako zinapitia kwa Bi Altagracia. Na wewe ulidhani mimi naitwa nani? Chichí? Hakuna mama aliyembeba mtoto kanisani akasema mbatizeni Chichí. Mji wetu ndivyo ulivyo: mtu anaishi na jina la utani, na jirani zake wanalisikia la kweli mara ya kwanza padri akilisoma mazikoni.

Leandro Hodge ni mimi.

Babu yako alikuwa Silvano, wa mwaka 1932. Mwaka 1954 msaka vipaji alikuja kwenye timu ya kiwanda cha sukari akitaka wa kumi na saba. Silvano alikuwa na ishirini na miwili, na marehemu baba yako alishaanza kutambaa. Mwenye kumi na saba nilikuwa mimi. Mama na Silvano wakachukua cheti changu sandukuni nikiwa shule. Cha Silvano mama alikichoma jikoni, chini ya sufuria ya ndizi, kisije kikaonekana.

Juni nikaenda kufanya mtihani wa taifa. Mwalimu akasema, "Cheti?" Nikasema mimi ndiye Leandro. Darasa likaangua kicheko. "Leandro yuko Florida anapiga mpira! Chichí, kaa chini!" Nikakaa chini. Tangu hapo sikufanya mtihani, sikupiga kura, sikufunga ndoa. Mercedes wa duka la mikate alinisubiri miaka minne, akaolewa na mwenye kitambulisho.

Silvano alinipenda, sikatai. Kila Krismasi alikuja na masanduku. Nikimwuliza jina langu: "Nikistaafu, Chichí." Akastaafu. "Ngoja niingie Ukumbini, Chichí, siku hiyo hiyo natangaza." Sasa ameingia kaburini, na hata huko wameandika Leandro. Mimi kaburi langu liko tayari, Wandel, na bado nakohoa.

Mwulize Yefri mtihani wake ni lini.

Babu yako mdogo,
(jina unalijua sasa)


San Pedro de Macorís
20 Julai 1996

Babu mdogo,

Shikamoo tena, na hii ya leo ni nzito. Mama mzima, ila tangu barua yako anaosha sahani ambazo ni safi.

Mwandiko wako kama kuku kakanyaga wino, na mimi kusoma kwangu ni kwa kusukuma gari bovu. Basi nikampa Yefri anisomee. Tulikuwa barazani, tunakula yanikeke za moto, ile mikate ya kukaanga, mafuta yanatuchuruzika mpaka kiwikoni. Akasoma vizuri, sauti ya redio kabisa, mpaka pale "kaa chini." Akakunja karatasi, akaingia ndani. Yanikeke yake nikaila mimi.

Siku tatu sasa haniongeleshi. Glovu ameirudisha kitandani kwangu. Mtihani wake ni Juni ijayo, kama ulitaka kujua. Ulijua!

Lakini na mimi nina mdomo. Nimepiga hesabu. Kama babu alikuwa wa 1932, basi mwaka ule wa mwisho, aliovusha mipira thelathini, hakuwa na thelathini na sita. Alikuwa na arobaini na mmoja! Babu mdogo, huyo si mwongo, huyo ni jini! Wangempa kuta mbili mle Ukumbini! Na ule Ukumbi ni wa mpira, si wa malaika. Mle kuna mlevi, kuna aliyempiga mwamuzi kwa gongo. Babu hakumpiga mtu.

Ndiyo, najua. Alikupiga wewe.

Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani, kwa hiyo nimeamua ni wewe. Ungelisema mapema! Miaka yote unatutumia soksi tu. Cuqui anasema nisichanganye mambo, gari likija panda. Cheti cha Yefri kiko mfukoni mwa Cuqui tayari. Kila nikilala kwenye godoro namsikia Yefri anageuka, na mimi nageuka, kama samaki wawili kwenye kikaango kimoja.

Niambie nifanye nini. Hapana, usiniambie. Andika ile barua au usiandike, lakini jibu.

Mjukuu wako,
Wandel


Lawrence
6 Agosti 1996

Wandel,

Marahaba. Nina haraka, posta inafunga.

Umeniandikia kumtetea mtu niliyempenda kabla hujazaliwa. Mimi nilikuwa namrushia machungwa mabichi akiyapiga kwa mpini wa jembe. Alikuwa mkubwa. Kama kuna ukuta, awekwe. Ila awekwe yeye.

Ndani kuna barua ya kumpa Don Heriberto. Mistari mitatu, kama ulivyotaka. Isome kabla hujaipeleka, mwenyewe, hata kwa kusukuma gari.

"Mimi Leandro Hodge, wa mwaka 1937, sikuwahi kuvusha mpira hata mmoja. Mipira 311 ni ya kaka yangu Silvano, wa 1932, aliyecheza kwa jina langu. Muingizeni kwa jina lake, mnirudishie langu."

La cheti cha Yefri silisemi. Wewe ni mkubwa, una miaka kumi na tisa.

Chichí


San Pedro de Macorís
22 Septemba 1996

Babu mdogo Leandro,

Shikamoo. Sisi wazima. Goti la mama limepona, sasa ni bega.

Barua niliipeleka kwa mkono. Don Heriberto aliisoma kwa ile sauti yake ya kutangaza. Wazee wakaanza kurukiana. Mmoja anasema tapeli huyu, mwingine anasema kama ni hivyo futeni nusu ya ukuta. Nikasimama nikasema mwandikeni Silvano. "Kaa chini, kijana!" Nikawaambia familia yetu imeshakaa chini vya kutosha.

Wamempitisha, kura tatu kwa mbili. Lakini woga wao! Kwenye kibao wameandika PANGA. Basi. Hakuna Silvano, hakuna Leandro. Nimewaambia nitarudi kila Jumamosi mpaka wachoke na sura yangu, na sura hii haichoshi, lakini watajua.

Msaka vipaji alikuja Jumanne. Kofia kubwa, saa mbili, moja mkononi na moja ya kupimia mbio. Akauliza, "Jina?" Cuqui akawahi: "Yefri Hodge, kumi na sita." Yefri alikuwa jukwaani na kitabu. Hakuinua kichwa, ila kidole chake kilisimama kwenye mstari.

Nikasema, "Yefri ni yule pale. Mimi ni Wandel, kumi na tisa, na ukinipima andaa saa zote mbili."

Akacheka, akanipima. Akaitazama saa, akaitikisa kama imeharibika. Akasema, "Pole, mwanangu. Kumi na tisa ni mzee." Akafunga daftari.

Cuqui hanisalimii. Asubuhi nabeba magunia kiwandani, jioni nafanya mazoezi peke yangu, maana bunduki haiozi. Aliyekosa ni yule mwenye kofia. Usiku wa kwanza nililia kidogo, usimwambie mtu. Cheti kimerudi sandukuni, na Yefri amelala na funguo.

Mjukuu wako,
Wandel Hodge

19 Oktoba. Naongeza hapa chini. Barua hii niliiandikia bahasha "Leandro Hodge," bila Bi Altagracia, nikaituma. Imerudi leo na muhuri mwekundu: hajulikani. Yefri alitaka tubadilishe jina. Nimekataa. Alhamisi mpwa wa Bi Altagracia anapanda ndege kuja huko, anaibeba. Nimemwambia asibonyeze kengele ya yule marehemu. Asimame chini ya ngazi, aite Leandro Hodge kwa sauti mpaka majirani watoke.

Akiita, babu mdogo, itika.