Taa ya Mlangoni

Shamba la Nordheim,
Klepp, Jæren.
29 Novemba 1953.

Mpwa wangu mpendwa Torleif,

Natumaini barua hii itawakuta wewe na mkeo Lorna katika afya njema huko Duluth, na kwamba kifua kilichokusumbua kimepona. Mimi ni mzima, ila magoti hunilalamikia nipandapo ngazi.

Leo ni Jumapili ya kwanza ya Majilio. Maua yangu, begonia za Krismasi, yamechanua katika nyumba ya vioo ninamoyaotesha, isipokuwa meza moja iliyo karibu na mlango. Hizo ni begonia za marehemu mke wangu Borghild, alizoziotesha kutoka jani moja tu. Nilikusudia kuzipeleka kaburini kwake Krismasi hii ya kwanza bila yeye. Zimetoa majani matupu.

Kosa ni langu. Mwezi Agosti uliandika kwamba huenda ungekuja vuli, bila kutaja siku. Njia ya kutoka stesheni ina giza, kwa hiyo nikaiacha taa ya mlangoni ikiwaka kila usiku, nayo humulika meza ile.

Mwanzoni mwa mwezi huu jirani yetu Asbjørg alikuja kuchagua vyungu vyake vya maua, akacheka.

"Mwalimu, umezikeshesha hizi maskini. Nani alale na taa machoni?"

"Nimeotesha begonia miaka thelathini, Asbjørg."

"Na leo umesahau kwamba hazitoi maua mpaka zipate usiku mrefu? Kwani unamngoja nani?"

Nilikuwa nikijiambia kwamba taa ile ni yako. Ukweli ni kwamba kila niliporudi kutoka kufundisha kwaya nilipenda kuona mwanga nyumbani, kana kwamba yumo mtu.

Niliizima jioni ile ile. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu.

Asubuhi hii nimeona vitumba vya maua, vidogo kama vichwa vya pini. Havitafumbuka kabla ya Januari. Borghild atanisubiri kidogo, alinizoea.

Nisalimie Lorna na mama yake, Bibi Greta. Mungu awalinde na baridi ya huko na awajaze amani.

Ukija, usitafute taa. Ukiacha barabara, shika ukuta wa vioo kwa mkono wa kushoto, uhesabu hatua kumi na nane. Mlango siufungi kwa ufunguo.

Mjomba wako asiyeacha kukukumbuka,

Halvard Nordheim