Aroni na kweleakwelea wa Chimala

Violet, acha unachofanya. Huyu mume wangu Aroni ataniua kwa aibu hapa Chimala.

Alikuwa katulia tuli pembeni ya shamba la mpunga, anachora kweleakwelea kwa ajili ya kile kitabu chake cha ndege. Mwenye shamba akatokea, akamdhania kibarua wake.

"Nimekuweka uwafukuze, wewe unawachora?"

Unawachora, Violet. Mpunga unaliwa, yeye anawachora.

"Shikamoo mama, mimi ni mchoraji tu."

Mama akamtupia gunia. "Basi chora mwewe."

Akachora mwewe, mabawa wazi, jicho kali. Mama akalitundika gunia katikati ya shamba.

Ndege wote wamekimbia, hata ambao alikuwa hajamaliza kuwachora.

Miaka yote analilia maonyesho ya michoro yake. Leo kayapata, watazamaji wamehama.