Shangazi Yangu Kati ya Projekta na Basi la Idara

Mpendwa mshauri,

Nisaidie kabla sijaumbuka. Mimi ni mhadhiri wa chuo kikuu na mwaka jana nilipewa kazi ya kutunga somo la maarifa ya asili, nikamleta shangazi yangu, dada wa baba, mfinyanzi tangu hajaolewa, ili afundishe ufinyanzi, ila yeye akataka wanafunzi waponde udongo wiki tatu bila kugusa kitu kingine, na chungu cha kwanza kila mtu akivunje kwa mkono wake mwenyewe, kamati ya mitaala ikasema hiyo si mbinu ya chuo kikuu, basi nikampunguzia hadi nusu saa kwa wiki, yeye aketi mbele afinyange na mimi nieleze kwa slaidi, na mtihani wa kuandika nikautunga mwenyewe, mwisho wa muhula kila mwanafunzi akafinyanga chungu kimoja tukavichoma, sasa kuna binti mmoja ambaye chungu chake peke yake ndicho kilichotoka motoni kizima lakini kwenye karatasi alishindwa kutaja sifa tano za udongo bora, nikamfelisha, ningefanyaje, kanuni ni kanuni.

Shangazi akaomba asomewe huo mtaala. Binti yule akamsomea, jina la shangazi likaonekana chini ya "Vifaa vya Kufundishia", kati ya projekta na basi la idara. Akaniuliza mbele ya darasa, "Mwanangu, mimi na projekta, nani mkubwa?" Nikacheka kwa aibu. Akafunga udongo wake akaondoka, binti akamfuata, na sasa wanafunzi kumi na mmoja wanashinda uani kwake, mimi nimebaki na slaidi. Wakaguzi wanakuja mwezi ujao kuamua kama somo litaendelea au lifutwe. Nimwambie nini shangazi arudi, hata kwa siku hiyo moja tu?

Mhadhiri Niliyekwama

Mhadhiri,

Pole. Na pole yangu imeishia hapo hapo.

"Hata kwa siku hiyo moja tu"! Huoni haya? Mwaka mzima umemnyamazisha mtu mzima, umemketisha mbele ya watoto kama sanamu, leo ndiyo unatafuta maneno ya kumwambia. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, lakini hawakusema mtoto wa kaka yake ndiye amkabidhi hilo gae.

Najua kamati ilikubana, na bila wewe shangazi asingefika hata kwenye geti la chuo. Hilo nakupa. Lakini hebu niambie, msomi, vyungu vya wengine vilipasuka kwa nini? Udongo usiopondwa hubaki na hewa ndani, na hewa ikipata moto hupasua chungu. Hizo wiki tatu ulizofuta ndizo zilizokuwa somo. Ulibakisha jalada, ukalisifu kwenye mikutano.

Sasa sikiliza. Kesho asubuhi nenda ofisi ya mitihani, useme kwa mdomo wako kwamba mtihani ulikuwa mbovu, na matokeo ya binti yule yarekebishwe. Usisingizie kamati. Kisha andika mtaala upya: shangazi juu kabisa, chini ya "Walimu", na moto wake uwe ndio mtihani. Wewe jiandike msaidizi. Ukiona cheo hicho kidogo, kumbuka yeye ulimpa cha projekta.

Ukimaliza, nenda uani kwake bila faili wala hotuba. Omba radhi, vua viatu, uingie kuponda udongo pamoja na wale kumi na mmoja, na yule uliyemfelisha akuelekeze. Usimwombe shangazi arudi. Wakaguzi wakija, wapeleke huko wakaone darasa lilipo. Wakilifuta somo, shauri yao. Yeye atafundisha vilevile, na wewe angalau utakuwa umejifunza kitu.

Na siku atakapokuambia ukivunje chungu chako cha kwanza, usiulize fomu ya rufaa iko wapi. Kivunje, uanze tena.

Mshauri wako