Swali la Tisa

Kaka yangu mpendwa,

Pokea shikamoo yangu, ndefu kama zile ulizokuwa ukinidai kila asubuhi kabla ya kunipisha bafuni. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanisumbua nikipanda ngazi za ofisini. Habari za huko? Mwanao kaniambia kwenye simu kwamba siku hizi unaimba ukioga, tena kwa sauti mbovu ileile. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Kazi yangu bado ni kuchunguza watu wanaoomba kibali cha kununua bunduki. Wewe hupenda kusema nalipwa kwa umbeya, na hukosei sana. Kwanza tunatazama kumbukumbu za polisi na za mahakama, halafu tunawapigia simu wadhamini na majirani. Mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Nukta kwa sababu hapitwi hata na nukta, ana swali lake ambalo halimo kwenye fomu yoyote. Huuliza ni lini mara ya mwisho mtu alimsikia mwombaji akicheka. Wiki iliyopita mzee mmoja alimjibu kwamba mwombaji hucheka kutwa nzima, na ndiyo maana yeye anamwogopa.

Barua yako ilifika Jumanne pamoja na fomu. Nimefurahi kusikia mahindi yamesimama vizuri, na kwamba majirani bado wanakuja kwa zamu kupiga madebe kufukuza nguruwe pori. Nimesoma mara mbili pale ulipotumbukia kwenye shimo ulilowachimbia nguruwe wewe mwenyewe, ukatolewa kwa kamba huku yule mama mwenye duka akiuliza kama aliyenaswa ni dume au jike. Unasema mmechoka na madebe, unaomba kibali upya, na unataka safari hii mimi niwe mdhamini wako, maana mwaka jana yule karani uliyembandika jina la Roho ya Kutu alikunyima. Unasema siku ukimjua utampa vidonge vyake.

Nimekaa na fomu hii siku tatu, Kaka. Swali la kwanza mpaka la nane nimejaza bila shida. La tisa linauliza kama mdhamini amewahi kutoa maelezo ya kumpinga mwombaji. Hapo kalamu iligoma.

Sasa nisikilize mpaka mwisho, usiiweke barua chini ukatoka nje, maana nakujua. Mwaka jana fomu yako ilipoangukia mezani kwangu nilimpa Nukta, kwa kuwa ofisi haituruhusu kumchunguza ndugu. Lakini ndugu anaruhusiwa kuulizwa, na Nukta alivuta kiti akaniuliza swali lake. Nilimwambia ukweli. Tangu tumzike wifi ilikuwa imepita miezi mitano, na sikuwa nimekusikia ukicheka hata mara moja. Nikamweleza na yale uliyoniambia kwenye simu wiki hiyo: "Nikilala nisiamke, msinililie sana." Niliogopa, Kaka. Nguruwe sikuwawaza kabisa. Nilikuwaza wewe, ndani ya nyumba ile iliyonyamaza, na bunduki juu ya kabati. Nukta ndiye aliyeandika usubiri mwaka mmoja, lakini maneno yalikuwa yangu.

Uliponipigia kulalamika nilikuambia pole, watu wa ofisini wana mambo yao. Uongo ule ndio unaonisuta mpaka leo. Kukuzuia sijutii, na ingekuwa leo ningefanya vilevile. Kukuficha ndiko ninakokuomba radhi, tena kwa magoti yote mawili, hata hili bovu.

Basi, swali la tisa nimeandika Ndiyo. La kumi linauliza kama bado nina pingamizi, nami nimeandika Hapana, na mkono haukusita. Jana Nukta aliniuliza tena swali lake, nikamsomea kisa chako cha shimo kutoka kwenye barua. Alicheka mpaka akavua miwani.

Fomu imo humu ndani ya bahasha, nimeshatia sahihi. Ukiona sifai tena kukudhamini, ichane, utafute mtu mwingine. Nitaumia, lakini nitaelewa. Ukiikubali, nafasi ya sahihi yako iko chini ya yangu.

Nisalimie mwanao, na umwambie mama mwenye duka kwamba huku nako wanauliza jibu lilikuwa dume au jike. Ukienda shambani alfajiri vaa lile koti zito, kifua chako si cha kuaminika. Nakuja likizo mwezi ujao, hata kama utakuwa umeninunia, na vidonge ulivyoahidi nitavimeza hapohapo mlangoni kabla ya kutua mzigo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Roho ya Kutu