Nimechagua Norwe kwa Picha ya Kalenda

Dada Joanitha mpendwa, naomba unisaidie maana moyo umenielemea, mimi ni mkaangaji kahawa wa Kaagya, na mwenzangu katika kiwanda chetu kidogo ni Faruku wa Bilele, ambaye tangu utotoni tulikula omukago, babu yangu Rwekaza alifungua tunda moja la kahawa akampa kila mmoja punje yake, akasema tangu leo nyinyi ni ndugu, asiwepo wa kumficha mwenzake neno. Sasa amekuja mwekezaji anayetaka kutujengea kiwanda cha pili ng'ambo, nchi tuchague wenyewe, na Faruku anataka Omani kwa sababu kule kahawa hunywewa kutwa na shangazi yake Shamsa anaishi Maskati, lakini mimi, Dada, kwenye ofisi ya usharika wetu kuna kalenda ya zamani ya Norwe, nyumba nyekundu katikati ya theluji, na kila nikikaanga kahawa naona moshi wetu ukipaa polepole juu ya ule weupe, watu wanatoka milangoni wananusa, wanauliza hii imetoka wapi, nami nawaambia Kaagya. Sijawahi kugusa theluji, nadhani ni laini kama unga wa muhogo. Basi wiki iliyopita nilimwandikia mwekezaji kwamba tumekubaliana Norwe, nikaweka majina yetu yote mawili, na Faruku bado anahangaika kuulizia viwanja Maskati, akinipigia simu naitikia tu, sawa ndugu yangu. Nifanyeje? Jina langu usilitaje.

Mwota Theluji, Kaagya

Mwota Theluji,

Ndoto yako nzuri, hata mimi nimeinusa. Lakini una mambo wewe! Jina lako unalificha, la Faruku unaliandika wazi. Na nchi ya kiwanda haichaguliwi kwa kalenda, baba. Bei ya umeme wao umeuliza? Nani ataendesha mashine wakati wewe unatazama theluji? Naye Faruku aambiwe, shangazi mmoja si soko.

Kosa lako kubwa si Norwe, ni yale majina mawili. Mwandikie mwekezaji leo kwamba Faruku hakukubali lolote. Kisha pelekeni gunia moja Norwe na moja Omani, mngoje nani ataagiza la pili. Huko ndiko mtajenga.

Gazeti hili hufika Bilele asubuhi, Kaagya jioni. Kwa hiyo unaposoma hapa, ndugu yako ameshasoma. Usimpigie simu. Chuma tunda moja bivu uende kwake, mpe alifungue yeye, na usubiri uone kama atakupa punje yako.