Vyungu Vyako na Mvule Uliokauka

Mama,

Nakuandikia nikiwa jikoni kwako, nimekalia kile kigoda ulichosema kitanivunja mgongo. Bado mzima. Ulikuwa ukinicheka kwamba naongea kama nasoma taarifa ya kamati, hata nikiomba chumvi. Basi vumilia, hii nayo itakuwa taarifa. Nikijaribu kuandika vingine sifiki mwisho.

Tulikuzika masika yakielekea kuisha. Wanakwaya walikuja wote, hata yule mliyegombana naye. Mama mdogo amehamia hapa, analala chumbani kwako na kila asubuhi analitukana godoro lako. Wageni walipoondoka nikafungua stoo, nikakuta vyungu vyako. Vile vikubwa vya maji, vimekauka, umeshavisugua vikang'aa, vinasubiri moto tu. Kwenye mdomo wa kila kimoja kuna alama ya dole gumba lako. Nilifunga mlango nikakaa nje mpaka nikaitwa kula.

Sasa habari za mlimani. Msitu wa ng'ambo ya kijito, ule usio na cheti cha uvunaji wa kulinda msitu, ulikokuwa ukinunua kuni baada ya mimi kukukatalia za kwetu, umekwisha. Wakata mbao walianza na miti minene ulipokuwa hai, uliwasikia mwenyewe. Kiangazi hiki wamerudi kuchukua myembamba, na mabaki wakayachoma mkaa. Mvua zilezile za msiba wako zilishusha mchanga kutoka huko, ukafunika shimo la udongo wa kufinyanga mlilokuwa mkichimba tangu enzi za bibi. Wanawake wamechimba, wamechoka. Chini ya mchanga kuna mchanga.

Usidhani najisifu na msitu wetu. Sisi nasi tunavuna, ila cheti kinatudai mambo: tusiguse miti ya kingo za kijito, tubakize ya mbegu, na miti mikavu tuiache isimame kwa sababu viumbe wanaishi kwenye matundu yake. Upande wetu, pale trekta lilipovuka, maji yalichafuka, kisha yakatakata. Upande wa pili hayajatakata hadi leo. Nyani wapo pande zote mbili, wao hawasomi vyeti. Hondohondo, wale ndege wa midomo mikubwa, nawasikia kwetu tu, na hata hao ni wachache kuliko nilipokuwa mtoto, wakipita juu ya nyumba mabawa yakivuma. Cheti hakijaturudishia miti mikubwa tuliyokwisha kuikata. Kinatufanya tupoteze polepole. Nikisema hivyo kikaoni, wenzangu wa kamati ya msitu wananikunjia uso.

Unaukumbuka ule mvule uliopigwa na radi, juu ya njia ya kwenda kwenye shimo la udongo? Ule ulioutolea macho miaka yote. "Mti umekufa, wewe unaulinda ili iweje? Umekuwa mume wako?" Nikakupandisha siku moja nikakuonyesha tundu, na jike la hondohondo lililojifungia ndani kwa udongo, limebakiza ufa mwembamba wa kupokelea chakula kutoka kwa dume. Uliangalia ile kazi kwa muda, mikono kiunoni. "Huyu hajui kukanda," ukasema. "Ana mchanga mwingi. Itapasuka hii." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tulipokuwa tunashuka ukauliza, "Na mimi kuni nitapata wapi, Bibi Misitu?"

Nikuambie basi kilichotokea. Mama mdogo na wafinyanzi wenzako walikuja kwangu, wamevaa vitenge vya kanisani kabisa, nikajua si bure. Wakasema vyungu vikubwa vinataka magogo, moto mzito unaokaa. Vile vidogo ndivyo vinavyoiva kwa nyasi na mianzi. Ng'ambo hakuna gogo lililobaki, mvua ziko karibu, na stoo inavuja. Wanaomba mvule ule mmoja, uliokufa.

"Mwanangu, ni vya mama yako," mama mdogo akasema. "Hata hao wenye cheti wana mama zao."

Mama, nilitaka kukubali. Nilitaka kuliko kitu chochote mwaka huu. Kamati ingejifanya haikuona, maana wote walikula ubwabwa wa msiba wako, na wakaguzi wa cheti hawawezi kujua kila mti. Asubuhi nikapanda na panga na rangi ya kuwekea alama ya kukata. Nikafika, nikainua macho. Tundu lilikuwa limezibwa. Udongo bado mbichi, na kwenye ufa ncha ya mdomo ilikuwa ikitokeza na kurudi ndani.

Nikashuka nikawaambia hapana. Waliondoka bila kuniaga, na mmoja alisema, ili nisikie, kwamba nimempenda ndege kuliko aliyenizaa. Iliniuma. Bado inauma.

Mama mdogo akaburuta lile pipa la plastiki hadi mlangoni pa stoo na kuanza kulijaza maji. Nikamuuliza anafanya nini. "Havijaonja moto," akasema. "Vitalainika. Udongo mzuri kama huu tutautoa wapi tena?" Akakiinua cha kwanza, akakipasua kwenye ukingo wa pipa, vipande vikatumbukia. Nilipiga kelele. Nikamsihi aniachie kimoja tu.

"Cha kukiangalia? Mama yako hakufinyanga vya kuangalia."

Basi nikamsaidia. Kabla ya kupasua kila kimoja niliweka dole gumba langu kwenye alama ya dole gumba lako. Langu ni pana zaidi, sikuwahi kujua. Kisha nikapasua. Nililia kama ambavyo sikulia makaburini, na mama mdogo aliniacha nilie, ila hakuniruhusu kupumzika.

Udongo ulipolainika alianza kuukanda, akafinyanga vyungu vidogo vya kupikia. Wanawake waliokuwa wameninunia walirudi mmoja mmoja, kwa kuwa hawakuwa na udongo mwingine, na kila mmoja akapata tonge lake kubwa. Tulivichoma kwa nyasi, mianzi na pumba za mpunga nilizoleta kutoka mashineni Kyela. Vichache vilipasuka. Vingine vimeshauzwa sokoni Mwaya. Kimoja nimepewa mimi, na aliyekileta ndiye yule aliyenisema. Alikiweka mezani akaniambia nisikipikie maharage kwanza, kitanuka.

Kwa hiyo leo nimepika usipa ndani yake, wale dagaa wa ziwani, na nyanya, kama ulivyokuwa ukipika. Tumekula mimi na mama mdogo hapa jikoni. Uliniuliza mara nyingi mti uliokufa una kazi gani tena. Nimekula nikashiba mama, kutoka kwenye mikono yako, na wewe umekwishalala miezi yote hii.

Nakuahidi mvule hautaguswa nikiwa hai na nina miguu ya kupandia. Siku kinda likibomoa ule udongo na kutoka, nitakuja kaburini nikueleze kama kweli ulikuwa na mchanga mwingi.

Ndaga fijo, mama, asante sana kwa chakula. Pumzika. Vyombo nitaosha mimi.

Mwanao,
Bibi Misitu