Siku Niliyosokota na Wanawake wa Sironga

Moraa, mjukuu wangu mwenye maneno mengi,

Huku tupo. Nyanya yako anakohoa kidogo, na chai inakomaa bila wachumaji. Umeniuliza kwa nini kila simu nataka kujua utarudi lini.

Nikiwa kijana niliwavamia wanawake wa Sironga waliokutana kusokota nyuzi za mkonge. Nikajigamba kwamba mimi, msomi wa darasa la nne, nitawashinda wote. Nikakunja suruali hadi juu, maana mkonge husokotwa pajani.

"Ai! Mwanamume ana paja la kuku!" wakacheka.

Nilisukuma nyuzi pajani hadi jioni. Uzi wangu ukawa mrefu kuliko nyuzi zao zote. Nilipouachilia, ukafumuka wote. Mama mmoja mzee akasema, "Kijana, unasokota kwa kusukuma mkono kwenda mbele tu. Uzi hushikana mkono ukirudi."

Nilimcheka. Sasa sicheki. Baba yako alikwenda mbali kutafuta maisha, shangazi zako wakafuata, kisha wewe. Niliwasukuma mwenyewe, nikiwaringia majirani. Hakuna aliyerudi, na siamini tena kwamba yupo atakayerudi. Nauliza tu nikusikie ukisema, "Hivi karibuni, Babu." Najua unanidanganya. Wewe nidanganye tu.

Ni mimi, babu yako